Vizazi vya kisu cha askari wa Uswisi: dhana potofu na ukweli

Wengi huamini kwamba kisu chekundu chenye kizibuo cha mvinyo ndicho kisu cha jeshi la Uswisi. Sivyo. Hicho kilibuniwa na mtengeneza visu Mswisi, Karl Elsener, mwaka 1897 kwa ajili ya maofisa, nao walikinunua kwa fedha zao, kwa kuwa jeshi halikukifanya kuwa kifaa chake rasmi. Askari wa kawaida alipewa kisu kingine cha kukunja, kilichoidhinishwa mwaka 1890, chenye mpini wa mbao, ubapa mmoja, msharasi wa kutobolea, kifungua kopo na bisibisi. Bisibisi haikuwa pambo, kwani bila hiyo askari asingeweza kuifungua bunduki yake mpya ya Schmidt-Rubin. Isitoshe, shehena ya kwanza ilitengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa sababu Uswisi haikuwa na kiwanda cha kuimudu kazi hiyo.

Dhana ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopotosha zaidi, ni kwamba kizazi kipya cha kisu hutambulika kwa wingi wa vifaa. Ukikiweka kisu cha mwaka 1961 kando ya kile cha 1890, utahesabu vipande vinne vinavyokunjuliwa katika kila kimoja. Kilichobadilika ni kile ambacho jicho la haraka hukipita: mbao, ambayo huvimba kwa unyevu na kupasuka, iliachwa mwaka 1908, chuma kisichoshika kutu kikaingia mwaka 1951, na kisu kikafupishwa hadi milimita 93, kisha mwaka 1961 mpini ukawa wa alumini, uliochorwa vimraba vidogo ili usiteleze mkononi.

Wapo pia wanaodai kwamba kisu kisicho na kifungio cha ubapa, yaani kipande kinachouzuia ubapa uliofunguliwa usijikunje, ni kibovu. Kisu cha askari hakikuwa na kifungio kwa zaidi ya miaka mia moja, bali springi ya mgongoni ililikandamiza shina la ubapa ili ubaki wazi. Mtu anapokata kamba au mkate, nguvu ya mkono husukuma ubapa upande wa kufunguka, kwa hiyo hauwezi kumfungia vidole. Hatari huja anapochoma kwa ncha, na hapo kifungio kina faida ya kweli. Hata hivyo, kifungio si uvumbuzi wa juzi: kampuni ya visu ya Opinel ya Ufaransa iliweka pete ya kuzungusha mwaka 1955, na kisu cha Buck 110 cha Marekani kikakieneza kifungio cha mgongoni kuanzia 1964.

Jeshi la Uswisi lilikubali kifungio mwaka 2008, katika kisu cha milimita 111, ambacho sehemu ya makali yake ina meno. Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, ni tundu lililotobolewa kwenye ubapa, wazo ambalo kampuni ya visu ya Spyderco ya Marekani ilikuwa imelitumia tangu 1981. Kisu cha zamani kilihitaji mikono miwili, mmoja ukishika mpini na mwingine ukiingiza ukucha katika mfuo mwembamba, jambo gumu kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Sasa dole gumba, hata likiwa ndani ya glavu, huingia tunduni na kuusukuma ubapa ufunguke mpaka kifungio kisikike kikishika, huku mkono wa pili ukiendelea kushika kamba.