Gitaa la Umeme Pwani: Programu ya Ampu au Maiki Mbele ya Spika?

Ubishi wa kurekodi gitaa la umeme kwa programu ya kompyuta inayoiga ampu, au kwa maiki mbele ya spika ya ampu halisi, huanzia pasipofaa. Watu hushindana juu ya ampu za valvu (zile za taa za kioo) na za transista, programu hii na ile, ilhali kinachosikika zaidi kwenye rekodi ya gitaa la umeme ni spika na maiki iliyowekwa mbele yake. Spika ya gitaa ya inchi 12 si kama spika ya redio. Ikipita Hz 5,000 hivi sauti yake huporomoka, na kabla ya hapo, kati ya 2,000 na 4,000, hupanda. Ukiiondoa ukarekodi ampu moja kwa moja, utapata mlio wa nyuki ndani ya kopo. Kwa hiyo anayetumia programu ashughulike kwanza na upande wa spika, na anayetumia ampu ashughulike kwanza na mahali pa maiki. Nobu za geini na trebo zifuate baadaye.

Msimamo wangu ni huu: kwa gitaa safi la bango, rumba au chakacha, likirekodiwa Malindi, nachagua programu bila kusita. Ampu safi haina siri kubwa. Roland JC-120, iliyotoka 1975 na kupendwa kwa usafi wake, ni transista tupu, na programu huiiga vizuri kabisa. Ugumu upo kwa valvu iliyo ukingoni, ile inayokaa safi ukigusa nyuzi taratibu na kukwaruza ukizicharaza. Hata hapo programu za sasa zimefika mbali. Jambo lisilotoka kwenye hedifoni ni spika yenye sauti kubwa kuzitikisa nyuzi zenyewe hadi noti iendelee kulia bila mkono. Kama wimbo wako unaishi kwa hilo, tafuta ampu.

Tuanze na programu, maana wengi huiharibu kabla haijafika kwenye kompyuta. Pikapu, yaani sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi, inataka tundu lenye ukinzani wa megaomu 1 hivi. Kwenye intafesi, kile kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, ni lile lililoandikwa INST au Hi-Z. Ukichomeka kwenye tundu la laini, lenye omu elfu kumi au ishirini, trebo hufa na sauti hudhoofika. Ukiirudisha kwa ikwalaiza unapandisha kelele tu. Waya nao uwe mfupi: kila mita hula trebo kidogo, na waya wa mita 6 utausikia ukilinganisha na wa mita 3.

Kisha geini. Piga kwa nguvu utakayoitumia kwenye wimbo, si ile ya kujaribia, na uache vilele vifike desibeli 12 hivi chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu. Taa nyekundu ikiwaka, mpasuko ule si distoshani ya ampu, na hautoki tena. Kosa jingine hujificha: programu haijui gitaa lako lina nguvu kiasi gani, inasoma kinachoingia tu. Ukiingiza kwa nguvu mno, ampu inayopaswa kuwa safi hukwaruza, nawe unailaumu programu. Punguza kwenye nobu ya kuingilia ya programu. Ya kutokea haitasaidia, kwani huko uharibifu umeshafanyika.

Bila senti, ninapendekeza Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Inajifunza ampu halisi kwa kulinganisha sauti iliyoingia na iliyotoka. Elewa maana yake: faili moja ni ampu moja, nobu zikiwa zimekaa vile zilivyokuwa wakati wa kunaswa. Ukizungusha trebo ya programu unarekebisha sauti iliyokwisha kutoka kwenye ampu. Ukitaka ampu ileile ikiwa na trebo nyingine, tafuta faili jingine.

Baada ya ampu lazima pawepo faili la kabati la spika, ambalo wengi huliita IR. Ni WAV fupi sana, mara nyingi chini ya nusu sekunde, iliyobeba spika, maiki na mahali maiki ilipokuwa. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Weka ampu moja, usiiguse, kisha badilisha IR kumi huku bendi nzima ikicheza. Usichague gitaa likiwa peke yake, kwa sababu IR inayovutia peke yake mara nyingi ina besi inayogombana na gitaa la besi. Mawili ya kuangalia: baadhi ya faili za ampu tayari zina kabati ndani, na ukiongeza IR juu yake sauti hufunikwa kama imevishwa blanketi. Na kama programu yako haibadilishi kiwango cha sampuli, IR ya 44,100 ndani ya mradi wa 48,000 hupandisha masafa yote ya IR hiyo kwa karibu asilimia 9, sauti ikawa nyembamba na kali bila sababu unayoiona.

Ucheleweshaji ni hesabu tu. Bafa ni fungu la sampuli ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata; ya sampuli 128, kwa 48,000 kila sekunde, ni milisekunde 2.7. Kuingia na kutoka ni 5.3, pamoja na intafesi yenyewe utafika 7 au 8. Hiyo ni sawa na kusimama chini ya mita 3 kutoka kwenye ampu, na hakuna mpiga gitaa anayelalamikia umbali huo. Bafa ya 512 huvuka milisekunde 21, na kwenye sebene vidole vitaanza kukimbizana na ngoma. Rekodi kwa 128, changanya kwa 512.

Sasa ampu. Kabla ya maiki, umeme. Ukinunua ampu kwa Mwitaliano anayerudi kwao, volti 230 zake zinakubali umeme wetu wa 240, lakini pini za plagi ni za duara. Adapta ya bei rahisi hushika pini mbili tu na kuiacha athi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, nje. Mvumo unaotulia ukigusa nyuzi mara nyingi ni dalili ya pikapu na waya visivyokingwa vizuri, lakini ampu isiyo na athi inaweza kukuua. Kata plagi ile, funga ya pini tatu, na mwite fundi apime kama soketi ya nyumba ina athi kweli. Ampu ya Marekani ya volti 120 inahitaji transfoma ya kushusha. Soma wati zilizoandikwa nyuma, kwa sababu ampu ya valvu ya wati 15 hula umeme mwingi zaidi ya 15, na utafute transfoma ya mara mbili ya wati hizo zilizoandikwa nyuma. Na kamwe usiwashe ampu ya valvu bila spika kuunganishwa. Transfoma yake ya kutokea inaweza kuungua.

Maiki ya Shure SM57, iliyoanza kuuzwa 1965, bado inatosha. Inyanyue ampu juu ya kiti kigumu, ipige tochi kitambaa cha mbele hadi uone kifuniko cha katikati ya spika, kisha elekeza maiki pale kifuniko kinapokutana na koni, sentimita 3 kutoka kitambaani. Katikati kabisa ni kukali, pembeni ni kuzito. Mwenzako asogeze sentimita moja moja ukisikiliza kwa hedifoni. Besi ikizidi, rudisha maiki hadi sentimita 8 au 10, kwa kuwa ukaribu wenyewe huongeza besi. Zima pangaboi, upepo wake unaingia kwenye maiki.

Chumba nacho kina neno. Chini ya makuti hakuna mwangwi wa kusumbua, lakini tuktuk na kunguru wanaingia bila hodi. Jipangie kurekodi katikati ya adhana na adhana. Kelele hizo hufunikwa gitaa likilia, ila hujitokeza kwenye mkia wa noti ukishabana sauti kwa kompresa. Nyumba za mawe za Mkomani, Lamu, zina tatizo la kinyume. Kuta nene zinazuia mtaa, lakini upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti, mita 2.5 hadi 3 hivi. Kwenye upana wa 2.5 mawimbi hujirudia kwenye Hz 70 na 139, na 139 ni C kali (C#): noti moja itavuma kuliko jirani zake. Elekeza ampu kwenye urefu wa chumba, isogeze mita moja kutoka ukutani, na usimamishe godoro nyuma ya maiki.

Umeme ukikatika, laptopu inaendelea na betri, ampu inanyamaza. Ndiyo maana hata nikiweka maiki napitisha gitaa kwanza kwenye DI boksi, kisanduku kinachogawa sauti ya gitaa njia mbili: traki moja ya maiki na nyingine ya gitaa tupu, ambayo programu itaimalizia. Ukizitumia zote mbili, zikuze kwenye skrini upange wimbi la kwanza la kila moja. Tofauti ya milisekunde 1, yaani sentimita 35 za hewa, hufuta Hz 500, na huko ndiko uliko mwili wa gitaa. Sikiliza kwa mono. Sauti ikikonda, geuza polariti ya traki moja. Ikiendelea kukonda, isogeze sampuli chache chache hadi mwili urudi.