Vidonge vya damu na hofu ya kisukari

Kuna ujumbe usiokwisha kwenye magrupu ya WhatsApp, Kampala hadi Arua: eti vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito kliniki "huua kongosho" na kuleta kisukari. Sivyo. Watu huchanganya na jambo jingine, la kweli: chuma kikirundikana mwilini kwa miaka, mfano kwa wagonjwa wa sikoseli wanaoongezewa damu mara kwa mara, kinaweza kudhuru seli za kongosho zinazotoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Kidonge cha miligramu 60 kwa siku kwa mwenye upungufu wa damu hakifiki huko. Tena upungufu wenyewe unaweza kupandisha majibu ya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi mitatu iliyopita, ilhali sukari haijapanda. Una shaka? Pima sukari asubuhi kabla ya kula, umwonyeshe mkunga majibu. Ujumbe ule usiusambaze, na vidonge usiviache.