Feni za kimya kwa rejeta nene: usidanganywe na namba ya kwenye boksi

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la feni haikusaidii sana ukishaifunga feni hiyo kwenye rejeta nene ya kompyuta, yaani kifaa ambamo maji yanayoipoza mashine hupozwa kwa hewa ya feni. Nalisema hili mapema kwa sababu maswali mengi ninayoletewa hapa Mtwara huanzia kwenye namba hiyo: "Fundi, hii inasukuma hewa nyingi kuliko ile, nichukue hii?" Nami humrudishia muulizaji swali: inasukuma hewa kiasi gani ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, huku mbele yake kuna mapezi ya shaba, yale mabati membamba ya rejeta, yenye kina cha milimita 60? Feni ya rejeta hupimwa hapo.

Wengi ninaowaundia mashine za kupozwa kwa maji ni watu wa video na wachora ramani za majengo. Kazi zao hufurika wakati pesa za korosho zinapoanza kuingia, Oktoba kwenda Desemba, harusi zikifuatana wiki hadi wiki. Miezi hiyo kusi imeshapungua na joto limepanda. Chumba cha madirisha wazi kinaweza kuwa na nyuzi 30 saa tatu usiku, na mashine inachakata video mpaka alfajiri huku mwenyewe amelala hapohapo pembeni. Kwa hiyo ukimya ninaouzungumzia ni usingizi wa watu.

Rejeta haiwezi kuyapoza maji yakawa baridi kuliko hewa inayoipitia. Ndiyo maana mimi siangalii joto la maji peke yake; naangalia yamezidi hewa ya chumba kwa nyuzi ngapi. Tofauti ya nyuzi 10 mashine ikiwa na mzigo kamili ni nzuri sana. Mtu wa Ulaya mwenye chumba cha nyuzi 20 atapata maji ya nyuzi 30. Sisi, kwa rejeta ileile na feni zilezile, chumba kikiwa nyuzi 32 tutapata 42. Pampu za aina ya D5 na mabomba ya plastiki ya PETG hayatakiwi kuvuka nyuzi 60, kwa hiyo nafasi tunayo, ila ni finyu kuliko ya wenzetu. Feni zikizidiwa na rejeta, tofauti ikapanda hadi nyuzi 20, tayari uko 52.

Sheria hiyohiyo inatuondolea hofu moja ya watu wa pwani. Naulizwa mno kama unyevu wetu utafanya mabomba yatoe jasho na maji yadondokee kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Hayatoi, kwa kuwa maji ya ndani hayawi baridi kuliko hewa ya nje. Umande hutokea pale mashine iliyokaa kwenye kiyoyozi inapotolewa ghafla kwenye hewa yetu nzito. Iache bila kuiwasha mpaka ipate joto la chumba.

Sasa hesabu. Tuseme prosesa na kadi ya picha zinatoa wati 300 za joto, na hewa inatoka kwenye rejeta ikiwa na nyuzi 8 zaidi ya ilivyoingia. Kulibeba joto hilo kunahitaji hewa ya mita za ujazo 115 hivi kwa saa. Rejeta ya feni tatu za milimita 120 inagawa mzigo huo, kila feni mita 39 hivi. Feni nzuri ya 120 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika pasipo kizuizi chochote husukuma mita 50 hivi. Ziada ni ndogo, na kizuizi bado hatujakiweka. Feni inayopoteza nusu ya hewa yake mbele ya rejeta haitafika, na mwenye mashine atalazimika kuipandisha kasi. Kelele huingia kwa mlango huo.

Boksi lina namba mbili ambazo watu huzisoma pamoja kana kwamba zinatokea pamoja. Ya kwanza ni kiasi cha hewa, mara nyingi kwa CFM (futi za ujazo kwa dakika) au mita za ujazo kwa saa. Hiyo imepimwa feni ikiwa wazi kabisa, haina kitu mbele. Ya pili ni msukumo, unaoandikwa kwa milimita za maji, yaani kimo cha maji ambacho msukumo huo unaweza kukiinua. Huo umepimwa feni ikiwa imezibwa kabisa, hakuna hewa inayopita. Feni haiishi kwenye hali yoyote kati ya hizo mbili. Inaishi katikati, mahali ambapo nguvu yake inalingana na ukinzani wa rejeta, na mahali hapo boksi halipasemi. Ukiweza kupata mchoro wa feni unaoonyesha hewa ikipungua kadiri kizuizi kinavyoongezeka, mchoro huo una thamani kuliko maandishi yote ya boksi.

Jambo la pili ambalo boksi linalificha ni kwamba namba zote mbili ni za kasi ya juu kabisa. Ukiipunguza feni kasi kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini msukumo unabaki robo. Chukua NF-A12x25 ya Noctua, feni ninayoiheshimu sana kwa kazi hii: imeandikwa milimita 2.34 za maji kwa mizunguko 2,000. Kwa mizunguko 1,000 zinabaki 0.6 hivi. P12 ya Arctic, ambayo bei yake ni ya chini sana kuliko hiyo, imeandikwa 2.20 kwa mizunguko 1,800. Ukiishusha hadi 1,000 unapata karibu 0.7. Kwenye kasi tunayoitaka, feni hizi mbili ni majirani. Tofauti yao iko kwenye aina ya sauti, na hilo nitalifikia. Upande wa pili, ile feni ya kujivunia mizunguko 3,000 na msukumo wa ajabu, ukiishusha hadi 1,000 inabakiza sehemu moja ya tisa ya msukumo wake.

Faida ya kushusha kasi ni kubwa ajabu, kwa kuwa kelele ya feni huanguka haraka kuliko hewa. Kupunguza kasi kwa nusu hushusha sauti kwa desibeli 15 hivi, na masikio yetu huihesabu desibeli 10 kama sauti kupungua nusu.

Kuhusu rejeta yenyewe, neno "nene" linawatisha watu kuliko inavyostahili. Kinachoizuia hewa ni unene pamoja na msongamano wa mapezi, yaani yale mabati membamba yaliyokunjwa katikati ya mirija ya maji. Puliza pumzi kupitia chandarua kikiwa tabaka moja, kisha kikunje mara nne upulize tena. Mkono ulio upande wa pili utakueleza. Rejeta ya milimita 55 au 60 yenye mapezi 9 au 10 kwa kila inchi inapitisha hewa ya feni ya polepole vizuri. Rejeta ya milimita 30 yenye mapezi 25 au zaidi kwa inchi inaweza kuikaba feni hiyohiyo. Kwa hiyo kama hujanunua rejeta bado, tafuta nene yenye mapezi yaliyoachana. Hata vumbi letu linaipendelea hiyo: mapezi yaliyobanana huziba haraka, na brashi haifiki ndani.

Lakini niseme na upande mwingine. Rejeta nene bila hewa ya kutosha ni shaba ya bure. Hewa ikipita polepole mno, inakuwa imeshapata joto la maji kabla haijafika mwisho wa mapezi, na milimita zilizobaki hazifanyi kazi yoyote. Mtu anayetaka mizunguko 500 kwa dakika na asisikie chochote hatapata faida kubwa kwa kuruka kutoka milimita 30 hadi 60. Mwambie aongeze rejeta ya pili nyembamba, kama kasha lina nafasi.

Ndipo tunafika kwenye feni pande zote mbili, moja inasukuma na nyingine inavuta. Kwenye rejeta nene naupenda mpangilio huu, na sababu ni ya kihesabu. Feni mbili zilizofuatana kwenye njia moja ya hewa hazileti hewa mara mbili. Zinaleta msukumo unaokaribia mara mbili, na msukumo ndio uliokuwa umepungua tuliposhusha kasi. Kutoka feni tatu kwenda sita, kelele inapanda desibeli 3 kama kasi haijabadilika. Ukiweza kushuka kutoka mizunguko 1,300 hadi 1,000 kwa ajili hiyo, unarudisha desibeli karibu 6. Umeshinda kwa desibeli 3 hivi. Kwenye rejeta nyembamba yenye mapezi yaliyoachana ushindi huo haupo, kwa hiyo usimwingize mteja kwenye gharama ya feni tatu za ziada. Na kabla ya kuagiza pima nafasi: rejeta ya 60 na feni mbili za milimita 25 ni milimita 110, na makasha mengi hayana nafasi hiyo juu, mazabodi inakaa njiani.

Kasha lisilo na nafasi ya feni sita linaweza kufaidika na feni nene. T30 ya Phanteks ina unene wa milimita 30 badala ya 25, na unene huo unatumika vizuri mbele ya mapezi. Feni nyembamba za milimita 15 ziache kabisa kwa rejeta nene.

Sasa sauti. Desibeli peke yake haitoshi, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa wenye studio za kurekodi sauti. Mvumo wa hewa unaosambaa unamezwa na pangaboi, na mawimbi, na upepo kwenye minazi. Mlio wenye noti moja haumezwi. Feni ya mapanga 9 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika hupitisha mapanga mara 150 kwa sekunde, na ikiwa karibu sana na mapezi, noti hiyo hujitokeza wazi. Feni kadhaa zikizunguka kwa kasi zinazokaribiana bila kulingana, noti zao hupishana, unasikia sauti inayopanda na kushuka kama inapumua. Huo ndio mlio unaomwamsha mtu saa nane usiku, hata kama kipimo kinasema kelele ni ndogo.

Tiba zipo. Fremu au gasketi inayoacha nafasi ya milimita chache kati ya feni na mapezi hulainisha noti na pia hufikisha hewa nyuma ya kitovu cha feni. Gasketi ya sponji pembeni huziba mianya. Hewa ikipata upenyo wa kukwepa mapezi itaufuata, kwa hiyo kwa rejeta chagua feni yenye fremu ya mraba iliyojaa, isiyo na pembe zilizokatwa. Halafu kila feni ina kasi fulani ambayo fremu yake hutetemeka na kuunguruma. Ipandishe polepole kutoka 600 hadi 1,400, sikiliza inapoanzia na inapoishia, kisha kwenye bayosi (mipangilio ya mazabodi) weka kasi iliyo chini ya eneo hilo au juu yake ili isikae humo. Feni za bei nafuu mara nyingi zinatofautiana na za bei ghali hapo kuliko penginepo, na kwa anayetaka kuzipangia kasi kwa uvumilivu, za bei nafuu zinatosha.

Kasi yenyewe isiongozwe na joto la prosesa. Prosesa hupanda nyuzi 20 kwa sekunde moja ukifungua programu, na feni zikiifuata zitavuma na kutulia usiku kucha. Weka kipima joto ndani ya maji, feni zifuate maji. Maji hupanda taratibu, na feni zitapanda taratibu hivyohivyo, sikio lisizigundue.

Pwani inadai jambo jingine: beringi. Joto hukausha mafuta ya beringi za kawaida za bushi, hasa rejeta ikiwa juu ya kasha na feni imelala chali, na baada ya muda feni iliyokuwa kimya inaanza kukwaruza. Kwa Mtwara na Lindi nachagua feni zenye beringi ya mafuta ya majimaji iliyofungwa, au za gololi kama mteja yuko tayari kuvumilia sauti kidogo kwa ajili ya umri mrefu. Anayekaa karibu na bahari, Shangani au Mikindani, asafishe kila mwezi kwa brashi laini, kwa sababu chumvi hukamata unyevu, unyevu hukamata vumbi, na vumbi lililoshikamana kwenye mapezi ni ukinzani mpya ambao feni yako hukuinunulia. Unapopuliza kwa bloa, shika mapanga kwa kidole yasizunguke, usije ukaimaliza beringi.

Na kwa kuwa vifaa hivi vingi huagizwa Dar vikaja kwa basi, kilomita zaidi ya 500, agiza na skrubu papo hapo. Feni ya milimita 25 hufungwa kwenye rejeta kwa skrubu ya milimita 30. Ya milimita 30 hutaka ndefu zaidi, 35 hivi, na ukiweka gasketi ongeza unene wake. Rejeta nyingine hutumia uzi wa M3, nyingine wa inchi, na hauingiliani. Skrubu ikizidi urefu inaingia moja kwa moja kwenye mrija wa maji, kwa hiyo ijaribu kwanza kwa mkono bila bisibisi, na uchungulie ndani ya tundu kama kuna bamba la kinga kabla ya kukaza.