Wenyewe wanaitana hivyo, sa mimi nina kosa gani?

Juzi nimerudishiwa kazi. Manukuu ya filamu, mazungumzo karibu yote ya Wamarekani weusi, nimekesha nayo siku nne, halafu mteja ananiandikia sentensi mbili: hilo neno lao, neno la N, yani lile tusi la Kiingereza kwa watu weusi linaloanza na herufi hiyo, natakiwa kulitafsiri kwa neno moja mwanzo mwisho, maana mimi nimeweka mawili tofauti, na kwamba wenyewe wanaitana hivyo kwa hiyo kwao sio tusi tena.

Nikafunga kompyuta nikaenda kulala, maana ningejibu muda ule ningebaki bila mteja.

Sasa nimeamka. Hiyo "wenyewe wanaitana" nimeisikia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nimeisikia kwa profesa mstaafu, nimeisikia kwa jirani wa kiti kwenye basi, masaa sita, pa kushuka hamna. Kila mmoja anaitoa kama vile kaivumbua jana usiku. Ngoja niandike mara moja hii iishe, wengine nitakuwa natuma linki tu.

Twende kwenye filamu yenyewe. Dakika ya kumi na mbili polisi mzungu kamlaza kijana kifudifudi kwenye lami, goti mgongoni, anamwita neno la N. Dakika ya ishirini na kitu kijana huyohuyo anagonga mlango kwa rafiki yake, rafiki anafungua, anamkuta mzima, anamkumbatia na kumwita neno lilelile, tofauti ni ile r ya mwisho kumezwa. We ungeandikaje? Mi kwa polisi niliweka "we mtumwa", kwa rafiki nikaweka "mwanangu". Mteja anataka moja. Haya, tuchague. Tukiweka mtumwa kote, rafiki anamfungulia mwenzie mlango anamtukana huku machozi ya furaha yanamtoka, mtazamaji atajua mfasiri alikuwa amelewa. Tukiweka mwanangu kote, tunapata polisi anayemkandamiza mtu chini huku anamwita mwanangu, utadhani anamwamsha aende shule.

Lingekuwa kweli limeshatakata, nisingepata tabu yoyote hapo.

Shida ni kwamba watu wanalifikiria neno kama shati. Lilichafuliwa, jamii ikalifua, likakauka, sasa ni safi, leta na mimi nivae. Hakuna kilichofuliwa! Doa bado lipo palepale na ndo linalofanya shati liwe lao. Matumizi ya ndani yanakula kwenye sahani ya matumizi ya nje, ondoa ya nje kabisa kabisa na ya ndani yanabaki salamu tu kama salamu nyingine, hayana ladha. Claudia Bianchi, mwanafalsafa wa lugha wa Italia, ana maelezo ninayoyapenda kuliko mengine: anasema ni mwangwi. Msemaji wa ndani anairudia sauti ya mbaguzi huku anaonyesha kwamba hayuko nayo, kama mnavyomwigiza bosi akishatoka chumbani. Sasa fikiria bosi kasikia mnacheka, karudi, na yeye anajiunga kwa sauti ileile. Hamna anayecheka. Maneno ni yaleyale, sauti ileile, ila mwangwi umekosa pa kugonga. Na haijalishi kama bosi ni mtu mwema, nia yake wala haituhusu hapa. Tunachouliza ni kama anayesikiliza anaweza kuutofautisha mwigo na kitu chenyewe, basi.

Halafu kuna wale wanaonisaidia kwa mfano wa familia, eti mimi namwita mdogo wangu kichaa lakini mtu wa nje akimwita hivyo tunagombana. Nimeuchoka huo mfano, kwanza kwa sababu unakaribia ukweli. Kichaa la nyumbani kwenu mmelianzisha wenyewe. Hamna aliyeuzwa mnadani huku anaitwa hivyo. Tusi la rangi limetoka nje, limekuja na mjeledi, wakalipokea kwa sababu hawakuwa na hiari, na sasa wanalifanyia kitu. Mfano wa familia unaeleza nani anaruhusiwa, ila kwa nini neno lina uzito hauelezi hata chembe.

Na hii ya "ukimeza r ni neno lingine": wapo wanaisimu wanaosema ni leksimu mbili, yani maneno mawili tofauti kabisa, na wana hoja, sibishi. Ila hata kama ni mbili, ya pili nayo ina wenyewe. Matamshi sio pasipoti.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi kweli, maana hayo juu ni mazoea tu. Watu wanachanganya aina mbili za kulitwaa neno, yani waliotukanwa kulichukua tusi wakalifanya lao, kisha wanapima moja kwa rula ya nyingine.

Chukua kanaka. Kwa Kihawaii maana yake ni mtu, mtu tu, hamna tusi. Mabaharia wa karne ya 19 wakalibeba wakawa wanawaita hivyo watu wa visiwa vya Pasifiki kwa ujumla. Likafika Queensland, Australia, likawa jina la vibarua wa miwa: kati ya 1863 na 1904 waliletwa huko watu kama 62,000 kutoka visiwani, wengine kwa mkataba, wengine kwa kulaghaiwa, wengine kwa kutekwa kabisa. Likafika Kaledonia Mpya, visiwa vya hukohuko Pasifiki ambavyo Wafaransa walivitwaa 1853, likaandikwa canaque, na hapo jina la mtu likawa jina la mshenzi. Mwaka 1931, wakati wa Maonyesho ya Makoloni, watu kama mia moja wa huko walipelekwa Paris wakawekwa kwenye bustani yenye wanyama na kutangazwa kuwa ni wala watu. Likaingia Kijerumani pia, Kanake, na huko likaja kuwa tusi kwa wahamiaji, Waturuki na Waarabu hasa, watu ambao Pasifiki hawajawahi hata kuiota.

Neno moja, chimbuko moja, tena chimbuko zuri. Ona sasa.

Kaledonia Mpya, 1969, vijana waliorudi kutoka vyuo vya Ufaransa, Nidoïsh Naisseline na wenzake wa kundi la Foulards Rouges, wanalishika tusi wanaliweka kwenye jina la gazeti lao. Baadaye tahajia inabadilika, Kanak, kwa k mbili, na halibadiliki kwa jinsia wala kwa wingi, yani wanaikatalia sarufi ya Kifaransa ndani ya Kifaransa chenyewe. (Mi hapo huwa nasimama darasani napiga makofi, wanafunzi wanadhani nimechanganyikiwa.) 1984 linaingia kwenye jina la muungano wa vyama vya ukombozi, FLNKS, hiyo K ndo Kanak. 1998 linaingia kwenye Mkataba wa Nouméa, mji mkuu wa huko, na serikali ya Ufaransa inaweka saini chini yake. Leo waziri wa Paris anatakiwa kusema Kanak, akirudia maneno ya zamani ndo anakosea. Kwa hiyo yule anayesema tusi ni tusi haliwezi kugeuka, na yeye akae chini. Limegeuka, na kila mtu analitumia.

Ujerumani sio hivyo. Mwaka 1998 likaanzishwa vuguvugu la Kanak Attak, watoto wa wahamiaji na washirika wao, wakalivaa neno kwa kejeli, na lengo halikuwa kutengeneza kabila jipya, walikuwa wanakataa kabisa kuulizwa pasipoti na asili. Kati ya vijana likatembea, na bado linatembea. Ila Mjerumani akimwita jirani yake Kanake leo ni tusi kama lilivyokuwa jana. Na Queensland? Wajukuu wa wale vibarua wana jina lao rasmi lenye maana ya watu wa visiwa vya Bahari ya Kusini walio Australia, serikali iliwatambua 1994, na hili jingine wengi wao hawalitaki masikioni.

Kwa hiyo usinitafutie jibu ndani ya neno. Kilichotofautiana ni watu walikuwa wanadai nini. Wakanak walidai nchi, na nchi inahitaji jina ambalo hata adui atalitamka kwa heshima, kwa hiyo walikuwa wanataka wa nje walitumie. Weusi wa Marekani walifanya hivyohivyo na neno black: kabla ya miaka ya 60 la adabu lilikuwa Negro na black ndo lilikuwa linauma, mwanaharakati Stokely Carmichael akapaza kauli ya Black Power kule Mississippi 1966, na miaka michache baadaye viti vimebadilishana, hadi 2016 Negro likafutwa kwenye sheria za shirikisho. Hiyo ni aina ya kwanza.

Neno la N halijawahi kuomba kazi hiyo. Hamna anayetaka liwe kwenye fomu ya sensa. Linafanya kazi ya ukuta, hapa ndani, pale nje, sasa we unasimama nje unalalamika kwamba ukuta unakuzuia kuingia. Ndo kazi yake, bwana! Na kama ulikuwa unasoma kwa makini, umeona Kanak nimeliandika mara ngapi, na hili jingine, ambalo ndo nililipwa kulitafsiri, sijaliandika hata mara moja.

Kisheria nitapita haraka. Bendi ya Wamarekani wenye asili ya Asia, The Slants, ilinyimwa alama ya biashara kwa sababu jina ni tusi kwa Waasia, wao wakasema tumelichukua makusudi, na Juni 2017 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi. Watu wakashangilia kwamba mahakama imekubali kulitwaa neno. Haikukubali kitu kama hicho. Ilisema serikali haina ruhusa ya kukataa jina kwa sababu linakashifu, na faida hiyohiyo ikamwangukia mwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya Washington, iliyokuwa inabeba tusi la Wahindi Wekundu bila kuwa yao. Sheria haioni nani anasema. Jina lile lilikuja kuondoka 2020, wadhamini walipobana.

Haya, na mimi nichunguzwe. Huwa nasema "jamii imelitwaa" kana kwamba jamii ina katibu na kitabu cha mihtasari. 2007 NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi Marekani, walilizika neno la N Detroit, jeneza kabisa, farasi wanavuta, viongozi wanahutubia. Marehemu hajalala hata siku moja. Waliozika ni jamii, wanaolitumia ni jamii, mzee aliyeitwa hivyo akiwa anapigwa na mjukuu wake anayeliimba wako meza moja. Nani kalitwaa hapo? Na Tottenham, mashabiki wengi wao sio Wayahudi, miaka na miaka wanajiita kwa tusi la Wayahudi eti ni ngao ya wenzao, hadi klabu yenyewe 2022 ikawaomba waachane nalo. Mtu anaweza kutwaa kwa niaba? Nadhani hapana, lakini kuna mashabiki Wayahudi wanaolipenda, na mi sina jeuri ya kuwaambia wanakosea kuhusu jina lao.

Vitabuni utakutana na majaribio ya mwanasaikolojia Adam Galinsky na wenzake, 2013, kwamba mtu akijiita mwenyewe kwa jina la dharau anaonekana ana nguvu zaidi na jina linapoa kidogo. Nayafundisha. Nayaheshimu. Ila jaribio la maabara na miaka mia tatu ya mjeledi ni vipimo viwili tofauti, na huwa nalipita hilo haraka darasani ili nisiulizwe.

Halafu kuna Afrika Kusini, inayonivurugia nadharia yote. Neno la K la kule limetoka kwenye Kiarabu, ni lile kafiri letu tunalolijua, la dini, wao likageuzwa la rangi. Chukua orodha yoyote ya masharti ya kulitwaa neno: tusi zito, lipo, jamii kubwa yenye mshikamano, ipo, muziki wa vijana wenye nguvu, upo, ushindi wa kisiasa, 1994. Kila kiungo kipo jikoni na chakula hakijapikwa. Watu hawaitani hivyo mlangoni kwa kukumbatiana. Mwaka 2018 mahakama ya kule ilimhukumu mwanamke miaka mitatu jela, mmoja wa kusimamishwa, kwa kuwamwagia polisi weusi neno hilo. Mi nina dhana kwamba aliyeshika dola hana haja ya kutembea na kisu cha adui mfukoni, kisu kile ni cha wachache wanaoishi ndani ya nyumba ya mwingine. Naipenda sana hii dhana. Ina mfano mmoja na nusu, kwa hiyo usininukuu.

Mteja nimemjibu. Nimemwambia yanabaki mawili, na nikamwandikia ile ya polisi na mwanangu, akacheka, akakubali. Kilichobaki kuniwasha ni dakika ile ya mlangoni. Mwanangu ni tamu lakini haina kovu, ukiisikia huwezi kujua kwamba dakika kumi nyuma neno hilohilo lilikuwa na goti juu yake, na rafiki alilichagua akijua. Nilijaribu "mtumwa mwenzangu", ikakaa usiku mmoja, asubuhi nikaifuta, imekuwa kama mahubiri. Nikajaribu kurudia "we mtumwa" kwa alama ya mshangao, mke wangu akaisoma akauliza wanagombana nini. Faili natuma Ijumaa saa sita, mwenye neno anitumie kabla ya hapo.