Je, wajua kwa nini tapeli huweza kusajili anwani ya tovuti inayofanana na ya kampuni kubwa ya mitindo?

Kila inapokaribia sikukuu ya Idi, simu za watu wa Unguja na Pemba hujaa matangazo ya mikoba na viatu vya majina makubwa kwa bei ya kutupa. Anwani ya duka huonekana ya kuaminika, kwani jina la kampuni limo, na pengine limeongezewa neno "punguzo" au "Zanzibar". Mnunuzi akishalizwa ndipo hujiuliza ni nani aliyemruhusu tapeli kusajili jina la watu.

Hakuna aliyemruhusu, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, hupewa aliyewahi. Msajili wa majina yanayoishia na .com huangalia tu kama jina hilo, herufi kwa herufi, limeshachukuliwa. Kupekua daftari la alama za biashara si kazi yake. Kwa hiyo tapeli hahitaji jina lenyewe, lamtosha linalofanana nalo. Andika Puma kwa kuweka r na n mahali pa m, "purna", kisha lisome juani pale Darajani kwenye kioo cha simu ndogo, uone herufi mbili zinavyogandana zikawa moja. Hila nyengine ni kutanguliza jina maarufu: anwani inayoanza na gucci, ikafuatiwa na nukta na neno jengine kabla ya .com, si ya Gucci, bali ni ya mwenye neno hilo la pili. Ile alama ya kufuli nayo huonesha tu kwamba mawasiliano hayasomeki njiani, bila ya kuthibitisha uaminifu wa aliyeko upande wa pili.

Kampuni iliyoigwa ingeweza kwenda mahakamani, lakini mshitakiwa huwa hajulikani yuko nchi gani. Tangu mwaka 1999, ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti, lina utaratibu wa usuluhishi ambao kila anayesajili .com huwa ameukubali ndani ya mkataba wake, awe ameusoma au hakuusoma. Malalamiko mengi hupelekwa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, mjini Geneva, kwa ada inayoanzia dola 1,500, na mlalamikiwa hupewa siku 20 za kujibu.

Mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Sharti la pili ndilo linalomlinda mnyonge. Tuseme fundi cherehani wa Wete anaitwa Zara na wateja wamemjua kwa jina hilo miaka yote; kampuni ya Zara ya Hispania haiwezi kumpokonya anwani yake kwa ukubwa wake tu. Hata muuzaji wa Mlandege anayeuza viatu halisi vya kampuni fulani anaweza kujitetea, kwani uamuzi wa kesi ya Oki Data wa mwaka 2001 ulikubali utetezi wa namna hiyo, mradi muuzaji awe anauza bidhaa hizo kweli, tovuti isiuze za chapa nyengine, aeleze wazi kwamba yeye si kampuni yenyewe, na asihodhi majina yote.

Akishinda, mlalamikaji hupewa jina au hufutiwa lile la mwigaji. Fidia haimo, na mnunuzi aliyetuma fedha hana nafasi katika shauri hilo. Yeye hubaki na polisi na benki yake.

Njia hiyo haikuwekewa wakubwa peke yao. Anayeshona mabuibui Chake Chake kwa chapa yake mwenyewe anaweza kuitumia akiwa na alama iliyosajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar, kwa kuwa sharti la kwanza halichagui alama imesajiliwa nchi gani. Asisahau tu kwamba usajili wa BPRA hauvuki bahari: Tanzania Bara ina BRELA yake, na huko husajiliwa upya.