Umeiona fikscha mtandaoni na unataka kuichonga mwenyewe: hataza inasemaje?

Kijana mmoja mwenye karakana ndogo Pasua, pale Moshi, alinipigia simu Jumapili usiku. "Shikamoo kaka. Samahani kwa saa hizi. Nimepata kazi nzuri lakini naogopa kuigusa."

Kazi yenyewe ilikuwa flanji 400 za alumini za mashine ya kumenya kahawa, mnunuzi yuko Nairobi. Uso wote wa juu wa flanji unatakiwa uchongwe kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ukiibana kutoka juu, kisu cha mashine ya milingi kitagonga kibano. Alikuwa ameona mtandaoni kibano cha pembeni: bolti ambayo kichwa chake hakiko katikati, kimevishwa washa ya brasi yenye pembe sita. Ukikaza bolti, kichwa kinazunguka na washa inasukuma kipande ubavuni. Juu hakubaki kitu cha kuzuia kisu. Alitaka kuchonga vibano vinane avipange kwenye bamba moja. Kisha akaona maandishi madogo chini ya picha: kifaa hiki kina hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa.

"Kaka, nikikichonga si nitashtakiwa?"

Nabuni jigi na fikscha, yaani vifaa vya kushika na kupanga kipande kinapochongwa, hapa Arusha, karakana yangu iko Unga Limited, na swali hili nimelisikia mara nyingi. Linaniuma, kwa sababu nimeona mafundi hodari wakikataa kazi halali kwa woga, na nimeona wengine wakisaini karatasi ambazo hawakuzisoma. Mimi ni mtu wa mashine, si wakili. Ikiwa kazi ni kubwa, mtafute wakili anayejua miliki bunifu kabla hujakata chuma. Lakini kuna mambo ambayo fundi anaweza kuyachunguza mwenyewe mezani kwake kwa jioni moja, na ndiyo tuliyoyafanya na huyo kijana.

Tulianza na mipaka. Hataza hutolewa na nchi, na nguvu yake inaishia mpakani mwa nchi hiyo. Hataza ya Marekani haimzuii mtu wa Moshi kuchonga kitu Moshi na kukitumia Moshi. Ili imzuie, uvumbuzi huo lazima uwe umelindwa hapa: ama umesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217, ama umepitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika lililoko Harare, ambako kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 mtu anawasilisha ombi moja na kutaja nchi wanachama anazotaka zimlinde. Kenya nayo ni mwanachama, na ofisi yake ya nyumbani ni KIPI. Zanzibar ina sheria yake na usajili wake. Kwa hiyo yale maneno "kina hataza" peke yake hayakuambii jambo la maana zaidi, yaani ni nchi gani. Tafuta namba.

Namba ukiipata, ingia Google Patents au Espacenet, tovuti za kutafuta hataza, zote ni bure. Tazama herufi za mwisho wa namba. Kwa hati za Marekani za tangu mwaka 2001, A1 maana yake ni ombi lililochapishwa tu, bado si hataza. B1 au B2 ndiyo iliyotolewa. Nimewahi kuletewa hati ya A1 na mtu aliyekosa usingizi wiki nzima kwa ajili yake, wakati ombi lenyewe liliachwa njiani na halikuwahi kuwa hataza. Na hata ombi linapofanikiwa, mara nyingi yale yanayodaiwa kwenye A1 ni mapana kuliko yale yaliyokubaliwa mwishoni, maana mkaguzi wa ofisi huwa ameyapunguza.

Halafu umri. Kanuni ya kawaida duniani ni miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa. Ila miaka hiyo haiji bure: Marekani mwenye hataza hulipa ada ya kuiendeleza ifikapo miaka 3 na nusu, 7 na nusu na 11 na nusu tangu ilipotolewa. Asipolipa, inakufa kabla ya wakati wake. Chaki ya keekee inayokazwa kwa ufunguo wa meno, ambayo karibu kila karakana inayo, ilipewa hataza Marekani mwaka 1902, mvumbuzi wake Arthur Irving Jacobs. Jiliwa la kampuni ya Kurt, lile ambalo taya yake huvutwa chini kadiri unavyokaza ili kipande kisinyanyuke, nalo lilikuwa na hataza. Muda ulipokwisha, viwanda vingi duniani vikaanza kutengeneza majiliwa ya mtindo huohuo, na ni halali yao. Mvumbuzi alilindwa kwa muda wake, kisha maarifa yakawa ya watu wote.

Sasa tuseme hataza ipo, iko hai, na iko nchini kwako. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanatazama michoro. Mchoro unaonyesha mfano mmoja tu wa uvumbuzi. Kinacholindwa kimeandikwa mwisho wa hati, kwenye sehemu ya madai, yale yaliyopewa namba. Soma dai la kwanza polepole kama unavyosoma vipimo vya mchoro wa kazi, kisha ligawe vipandevipande.

Chukua mfano ninaoutunga mwenyewe. Dai linasema: kibano chenye bolti ya kichwa kisicho katikati, chenye washa ya pembe sita iliyovishwa kichwani, na chenye mfereji kwenye bamba unaozuia washa isipande juu. Hayo ni mambo matatu. Kwa kawaida umelivunja dai ikiwa kifaa chako kina yote matatu. Ukiwa na mawili, yaani hukuweka mfereji na wala hukuweka kitu kingine cha kufanya kazi yake, uko nje. Lakini ukiwa na yote matatu kisha ukaongeza springi, rangi nyingine na bolti ya pili, bado uko ndani. Vijana wengi wanaamini kinyume chake. Wanaongeza vitu wakidhani wamejitofautisha. Kinachokutoa kwenye dai ni kile ulichokiacha.

Na usicheze na maneno. Ukiondoa mfereji ukaweka pini mbili zinazoizuia washa kwa namna ileile na kwa matokeo yaleyale, mahakama inaweza kusema pini zako ni sawa na mfereji wake. Mahakama za Marekani hupima hivyo: kazi gani inafanyika, kwa njia gani, na matokeo gani yanapatikana. Kama unataka kukaa mbali na dai, badilisha njia yenyewe ya kushika kipande.

Mzee aliyenifundisha kazi, mmoja wa waliopitia kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, aliniambia siku moja nikiwa nimeshika mchoro mkononi sijui nianzie wapi: "Mwanangu, kabari haina mwenyewe." Alikuwa sahihi. Kabari, ekisentriki (kile kichwa kisicho katikati), bloku ya V, skrubu, mkono wa kubana unaojifunga, na ile kanuni ya kukiweka kipande juu ya pointi tatu, mbili ubavuni na moja mwishoni, ni mali ya kila fundi. Hataza za fikscha nyingi zimejengwa juu ya vitu hivi, na kinacholindwa ni mchanganyiko fulani au nyongeza fulani. Ukiuona mchanganyiko una mwenyewe, rudi kwenye kabari. Mara nyingi utapata suluhisho lako, na pengine rahisi zaidi kuchonga.

Kijana akaniuliza, "Lakini kaka, mimi siuzi kibano. Nakitumia humuhumu ndani." Hoja hiyo haimkingi mtu. Palipo na hataza hai, kutengeneza ni tendo moja, kutumia ni lingine, na kuuza ni la tatu. Sheria inagusa matendo ya kiwanda na biashara, na karakana inayochonga flanji za kuuza iko kwenye biashara hata kama fikscha haitoki mlangoni.

Kulikuwa na jambo zito zaidi ambalo hakuliona. Alikuwa anaogopa fikscha, ambayo itabaki Pasua, wakati kitakachovuka Namanga ni flanji 400. Je, flanji yenyewe ina hataza Kenya? Mchoro ulitoka kwa mnunuzi. Na kama mtu ana hataza ya njia ya kutengeneza, si ya kifaa, basi chini ya TRIPS, mkataba wa kimataifa wa miliki bunifu katika biashara, ulinzi wake unafika hadi kwenye bidhaa iliyotoka moja kwa moja kwenye njia hiyo. Kwa kibano chetu haikuwa hivyo. Hata hivyo ni swali la kuuliza kila unapopeleka kazi nje ya nchi.

Nikamwambia anitumie oda yote, si ukurasa wa bei tu. Ukurasa wa tatu kulikuwa na kifungu kinachosema mtengenezaji atabeba gharama zote za dai lolote la hataza kuhusu bidhaa, popote litakapotokea. Alikuwa tayari kuisaini. Hataza ina mpaka na ina umri, ila ahadi ile haikuwa na mpaka wala umri. Kama mwenye hataza angemdai mnunuzi kule Kenya kwa sababu ya umbo la flanji, umbo ambalo mnunuzi mwenyewe alilichora, bili ingekuja Pasua.

Tukaandika upya. Anayeleta mchoro anawajibika kwa mchoro. Anayechagua njia ya kuchonga na fikscha anawajibika kwa hiyo, na si zaidi ya thamani ya oda. Mnunuzi alibishana siku mbili kisha akakubali. Nilifurahi kuliko ningefurahia bei kubwa, kwa sababu kijana yule alikuwa anadhani karatasi ya mteja haiguswi.

Kuna mambo madogo matatu. Usipige chapa ya jina la kampuni nyingine kwenye kifaa ulichochonga, hata kama hataza yake imekufa, maana alama ya biashara ni haki nyingine na inaweza kuendelea kuhuishwa miaka na miaka. Na weka daftari: mchoro, tarehe, sahihi yako na ya shahidi. Sheria za nchi nyingi humlinda aliyekuwa tayari anatumia kitu kwa nia njema kabla mwingine hajaombea hataza, ila lazima aweze kuthibitisha. Na kama fikscha ni wazo lako jipya unalotaka kulisajili, usirushe picha kwenye kundi la WhatsApp kwanza. Ukishaionyesha hadharani, upya wake unaweza kuwa umekwisha.

Kuhusu kibano cha ekisentriki, tuliipata namba. Ilikuwa hataza ya Marekani, ada haikulipwa na imeshakufa, na hatukukuta ya kifaa hicho Tanzania, Kenya wala ARIPO. Alichapa matokeo ya utafutaji akayabandika kwenye daftari pamoja na tarehe, akachonga vibano vyake vinane. Bamba sasa linabeba flanji nane kwa mzunguko mmoja wa mashine. Shida iliyobaki ni vipande vidogo vya alumini vinavyojibana chini ya washa na kuinyanyua kidogo, na Jumamosi nashuka Moshi tukakate mifereji ya kuvitolea.