Mgongo wa upinde ni upande upi?

Wiki hii nimemsikia tena fundi akieleza kuwa ubao wa mgongoni ni ule unaomtazama mpiga mshale. Siyo. Ubao wa mgongoni ni bamba jembamba la mti au mwanzi linalobandikwa kwa gundi upande wa upinde unaoelekea shabaha, ili nyuzi za mti zisinyanyuke unapovuta. Maana yake ni hiyo tu. Kinachovurugwa kila siku ni neno mgongo.

Upinde umetokana na kupinda, mzizi uleule uliozaa pindo la kanga na hata mapinduzi. Na chochote kikipinda, pande zake mbili hazipati taabu moja. Mtazame mtu anayepalilia: shati limemkaza mgongoni, tumboni limejikunja. Upinde nao ni hivyo hivyo. Upande wa mbali na mvutaji unatanuka, huo ndio mgongo. Ulio karibu naye unabanwa, huo ndio tumbo. Wanaokosea wanahesabu kuanzia kwa aliyeushika, wakati majina haya yanafuata mpindo.

Ukilielewa hilo, kuchagua kunakuwa rahisi. Mgongoni ugumu peke yake haukufai kitu. Tafuta mti unaostahimili kuvutwa, nyuzi zake zimenyooka toka ncha hadi ncha. Marekani wengi hutumia mti wa hikori. Mwanzi nao ni mzuri sana, mradi ganda la nje libaki nje, kwa kuwa huko ndiko nyuzi zilikobanana. Ukilipiga randa umetupa kile ulichokuwa unakitafuta. Unene wa milimita 3 hivi mara nyingi unatosha. Mwanzi mnene juu ya mti laini hulemea tumbo: utaona vijistari kama unywele vikikatiza nyuzi, na upinde utabaki umejikunja hata ukiuvua upote, ile kamba yake ya kuvutia.

Pinde za meli ya Mary Rose, iliyozama Uingereza mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, hazikubandikwa kitu. Zilichongwa kwa mti wa yuu, kila moja kipande kimoja: sehemu nyeupe ya nje ya mti ikaachwa mgongoni kwa kuwa inavutika, kiini cha rangi ya kahawia kikawa tumboni kwa kuwa kinahimili kubanwa. Mti ulikuja na ubao wake wa mgongoni.

Juzi kijana aliniletea upinde wake. Mwanzi ameubandika vizuri, gundi haina pengo hata moja, ila uko tumboni. Upande wa pili, karibu na mshikio, kibanzi cha urefu wa kidole kilikuwa kimenyanyuka.

"Lakini mzee, si niliuweka mgongoni?"

Nikakivunja kile kibanzi, nikakiangusha chini, nikamwomba akiokote. Alipoinama nikamgusa pale shati lilipokaza.

"Hapa, mwanangu."